Antivirusi ya kompyuta ya nyumbani: ya bure au ya kulipia?

Maswali mengi ya kompyuta yanayotufikia yanarudi kwenye jambo moja: pesa itoke kwa ajili ya antivirusi, au ile ya bure inatosha? Tumechagua haya. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye Windows ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu.

Habari za kazi. Nimenunua laptopi mpya yenye Windows 11 hapa Dodoma. Muuzaji anasisitiza nichukue na boksi la antivirusi, eti bila hivyo laptopi itajaa virusi ndani ya mwezi. Ni kweli?

Si kweli. Windows 11 inakuja na antivirusi kamili ndani yake, Microsoft Defender. Haidai leseni wala haina tarehe ya kwisha. Sifa mbaya iliyobaki midomoni mwa wauzaji ni ya zamani. Miaka ya mwanzo ilikuwa dhaifu kweli, lakini leo maabara mbili zinazoheshimika katika kazi hii, AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huipima pamoja na zile za kulipia na huonekana ikishindana nazo. AV-TEST hutoa alama 18: 6 za ulinzi, 6 za wepesi na 6 za kutokusumbua mtumiaji kwa tahadhari za uongo. Defender mara nyingi hupata zote au hukosa sehemu ndogo tu.

Kabla ya kufikiria boksi, hakikisha Defender yako iko macho. Laptopi mpya nyingi huja na toleo la majaribio la McAfee au Norton, na likiwepo, Defender hulala. Majaribio yakiisha, ile programu haikulindi tena ipasavyo, lakini huweza bado kukalia kiti. Fungua Settings, kisha Apps, kisha Installed apps, iondoe, halafu washa kompyuta upya. McAfee ikigoma kutoka, kampuni yenyewe inatoa bure kifaa cha kuifuta kiitwacho MCPR. Norton nayo ina chake.

Sasa andika Windows Security kwenye Start, ingia Virus & threat protection, bofya Manage settings. Swichi nne ziwe zimewashwa: Real-time protection, Cloud-delivered protection, Automatic sample submission na Tamper Protection. Hiyo ya mwisho ndiyo inayozuia programu nyingine isiizime Defender kimyakimya. Kisha rudi nyuma, ingia App & browser control, fungua Reputation-based protection settings, na hakikisha Potentially unwanted app blocking imewashwa, upande wa programu na upande wa upakuaji. Swichi hii huzuia programu zile zinazoingia pembeni ya nyingine na kubadilisha kivinjari chako.

Ukitaka uthibitisho kwamba inafanya kazi, pakua faili la majaribio la EICAR kutoka tovuti ya taasisi hiyo, eicar.org. Ni maandishi ya herufi 68 tu, hayana madhara yoyote, na antivirusi zote zimekubaliana kuyatambua kama kirusi. Defender ikikaa kimya unapolipakua, kuna kitu hakiko sawa.

Jambo moja muuzaji wako angeweza kulisema na akawa na haki: Defender hutegemea sana intaneti. Ikikutana na faili geni huuliza seva za Microsoft. Bando likiwa limekwisha, uwezo wake wa kutambua hushuka, na katika vipimo vya AV-Comparatives vya bila intaneti imekuwa nyuma ya washindani kadhaa. Kama laptopi yako hukaa wiki nzima bila mtandao huku ikipokea flashi za watu, hiyo ni sababu ya kweli ya kutafuta nyingine. Kama iko mtandaoni kila siku, baki na pesa yako.

Basi wanaolipa wanalipia nini hasa? Nimeona Bitdefender ina ya bure na ya pesa. (Mombasa)

Uwezo wa kukamata virusi ni karibu uleule. Bitdefender, Kaspersky, Avast na AVG hutumia injini moja (sehemu inayotambua virusi) katika toleo la bure na la kulipia, kwa sababu kutunza injini mbili ni gharama isiyo na maana kwao. Tofauti iko kwenye vitu vilivyofungwa juu yake, na inafaa kuvipima kimoja kimoja.

VPN huficha mawasiliano yako yasionwe na mtoa huduma wa intaneti au mwenye Wi-Fi ya hotelini, lakini haizuii kirusi. Isitoshe, ya Bitdefender huwa na kikomo cha MB 200 kwa siku hadi ununue kifurushi cha juu. Kitunza nywila ni kitu kizuri sana, ila Bitwarden ni ya bure. Udhibiti wa watoto unapatikana bure kwa Microsoft Family Safety kwenye kompyuta na Google Family Link kwenye simu. Bima ya kuibiwa utambulisho, ambayo Norton huitangaza sana, imetengenezwa kwa ajili ya mfumo wa mikopo wa Marekani. Ukiwa Mombasa unalipia kitu usichoweza kukidai.

Vinavyobaki ni viwili vyenye thamani. Cha kwanza ni leseni moja kwa vifaa vitatu au vitano, chini ya akaunti moja ambayo wewe unaisimamia ukiwa mbali. Mwenye wazazi kijijini wanaotumia kompyuta atauona uzito wa hilo. Cha pili ni mtu wa kumwuliza mambo yanapoharibika.

Kuna pia suala la masharti. Antivirusi nyingi za bure za makampuni ni za matumizi binafsi tu. Ukiwa na biashara ndogo ya uchapaji sebuleni, Avast Free haikuruhusu kisheria. Defender haina kizuizi hicho.

Na bure ya makampuni ina bei yake. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji. Ilifungwa Januari 2020 baada ya habari hizo kufichuliwa, na Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza Avast italipa dola milioni 16.5. Mambo yamebadilika tangu hapo, lakini ukisakinisha antivirusi ya bure fungua mipangilio ya faragha siku hiyohiyo uondoe tiki zote za kushirikisha taarifa, na wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa, maana mara nyingi kuna kivinjari cha ziada kinachoomba kuingia pamoja nayo. Kumbuka pia kwamba tangu Septemba 2022 Norton, Avast, AVG na Avira ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Kuhama kutoka AVG kwenda Avast ni kuhama chumba katika nyumba ileile.

Naweza kuweka mbili kwa pamoja, ili moja ikikosa nyingine ikamate?

Usiweke mbili zinazolinda muda wote. Zote hung'ang'ania kila faili linalofunguliwa, kompyuta inaganda, na wakati mwingine moja huona hifadhi ya virusi ya mwenzake kuwa ndiyo maambukizi. Unachoweza kufanya ni kuacha moja ikilinda, kisha mara moja moja kuskani kwa kifaa cha pili kisichokaa macho: Malwarebytes ya bure (kataa majaribio yake ya siku 14), ESET Online Scanner, au Microsoft Safety Scanner, ambayo huisha siku 10 baada ya kuipakua, hivyo kila mara unapakua mpya.

Wataalamu, flashi yangu nikitoka nayo steshenari kila folda inakuwa shortcut na nafasi inaonyesha imejaa. Antivirusi ya bure inashindwa. Ya kulipia itaondoa? (Mwanza)

Antivirusi yako huenda haijashindwa. Imefuta kirusi, lakini haikurudisha mafaili yako mahali pake, na hiyo si kazi yake iwe ya bure au ya pesa.

Kirusi cha aina hii huyapa mafaili yako sifa ya kufichwa na ya kuwa ya mfumo, kisha huweka shortcut yenye jina lilelile na picha ileile ya folda. Ukibofya, folda yako inafunguka kweli, usishuku lolote, lakini kwa nyuma kirusi nacho kimeanzishwa, mara nyingi kikitumia wscript.exe ya Windows yenyewe. Kompyuta ikishaambukizwa hukiandika kwenye kila flashi itakayochomekwa. Ndiyo maana kompyuta moja ya steshenari inaweza kuchafua flashi za mtaa mzima kwa siku moja.

Anza na kompyuta, si flashi. Ukiisafisha flashi huku kompyuta inaumwa, itaambukizwa tena ukiichomeka. Chomoa flashi zote, ingia Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Hifadhi kazi zako kwanza kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka upya. Skani hufanyika kabla Windows haijaamka, wakati kirusi hakijapata nafasi ya kujificha, na huchukua kama dakika 15.

Kisha chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake. Kwenye This PC, bofya kulia juu ya jina la flashi uchague Scan with Microsoft Defender. Usidhani Full scan imeshaigusa: kwa kawaida Defender huruka diski za kuchomeka inapofanya skani kamili, na huzikagua faili kwa faili zinapofunguliwa tu.

Ikimaliza, tazama flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Fungua Command Prompt, andika mistari hii mmoja mmoja ukibonyeza Enter kila mara:

E:
del *.lnk
attrib -h -r -s /s /d *.*

Mstari wa pili unafuta shortcut zote zilizo juu kabisa kwenye flashi. Wa tatu unaondoa ufiche kwenye mafaili na folda zote. Angalia herufi mara mbili kabla ya kubonyeza. Mistari hii ukiitumia kwenye C utafuta shortcut zako mwenyewe na kuvuruga mafaili ya mfumo.

Yakitokea haya usishangae. Unaweza kuona folda isiyo na jina lolote. Ifungue, aina moja ya kirusi hiki huhamishia humo kila kitu chako. Utaona pia folda iitwayo System Volume Information. Hiyo si kirusi, ni ya Windows, iache. Ukiona mafaili yanayoishia na .vbs, .js au .exe ambayo hukuyaweka wewe, yafute. Ili uyaone vizuri, kwenye File Explorer bofya View, Show, kisha washa File name extensions. Bila hilo, faili liitwalo cheti.pdf.exe litaonekana kama cheti.pdf.

Nakili nyaraka zako kwenye kompyuta iliyo safi, kisha ufomati flashi. Na kwa safari zijazo za steshenari tenga flashi moja ya kuchapishia, iwe na PDF unayochapisha tu, uifomati kila ukirudi. Au mtumie mwenye duka faili kwa barua pepe, flashi ibaki nyumbani.

Fundi aliniwekea antivirusi ya kulipia, kasema ni full mpaka 2035, nikampa elfu kumi. Inanilinda?

Hapana, na tafadhali iondoe leo. Leseni halali za nyumbani kwa kawaida huuzwa kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Inayofika 2035 karibu hakika imekrekiwa, yaani kufuli ya leseni yake imevunjwa. Ili kreki ifanye kazi, mara nyingi fundi huzima ulinzi, huweka folda fulani kwenye orodha ya kutoskaniwa, na huzuia programu isiwasiliane na seva za kampuni ili isigundulike. Ikishazuiwa hivyo, haipokei orodha mpya za virusi. Una picha ya kijani pembeni mwa saa inayosema uko salama, na nyuma yake hakuna kitu.

Ukishaiondoa, nenda Manage settings, shuka hadi Exclusions, bofya Add or remove exclusions. Katika kompyuta ya nyumbani orodha hiyo kwa kawaida iwe tupu. Ukikuta C:\ nzima, au folda ya Downloads, au jina usilolijua, liondoe, kisha fanya Offline scan na baadaye Full scan. Zana za kukreki Windows na Office zitaonekana kwenye matokeo kwa majina kama HackTool:Win32/AutoKMS. Mafundi husema hiyo ni tahadhari ya uongo. Tunawasihi msiikubali kauli hiyo. Huwezi kujua nani alilifunga faili hilo wala aliongeza nini ndani, na jibu la swali linalofuata linaonyesha mwisho wake.

Jana picha na nyaraka zote zimeongezewa herufi nne mwishoni, hazifunguki. Kuna faili _readme.txt linadai dola. Nilikuwa nimetoka kusakinisha programu ya kuhariri video ya kreki. Je, nikinunua antivirusi sasa itafungua? (Nakuru)

Pole sana. Antivirusi yoyote, hata ya bei kubwa, haitayafungua mafaili hayo. Itaondoa kirusi tu, na kufungua kilichosimbwa (kilichofungwa kwa msimbo wa siri) ni kazi nyingine kabisa.

Dalili ulizotaja zinafanana na familia iitwayo STOP, au Djvu, ambayo kwa miaka imewaandama watu wa nyumbani hasa kupitia programu za kreki. Barua yake hudai dola 980 au 999, na nusu yake ukilipa ndani ya saa 72. Usilipe. Hakuna anayekuhakikishia ufunguo, na hiyo haraka ya saa 72 imewekwa makusudi ili usifikiri.

Fanya hivi kwa mpangilio. Zima Wi-Fi na uchomoe diski zote za nje. Usifute mafaili yaliyosimbwa wala usifomati bado. Chukua simu au kompyuta nyingine ubadilishe nywila za barua pepe, benki na mitandao ya kijamii, kwa sababu kirusi hiki mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Watu wengi huisahau hatua hii, kisha wiki moja baadaye wanapoteza na akaunti. Ndipo uskani kompyuta kwa Offline scan. Kirusi hiki hujiwekea kazi ya ratiba ya kuamka tena, hivyo ukirudisha mafaili kabla ya kukiondoa, yatasimbwa upya.

Baada ya hapo ingia nomoreransom.org kwenye kompyuta safi. Mradi huo ulianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na McAfee, na hutoa vifungua-mafaili bila malipo. Kwa STOP kipo kifaa cha kampuni ya Emsisoft. Hufanya kazi kwa matoleo mengi ya kabla ya Agosti 2019, na kwa baadhi ya matoleo mapya pale ambapo kompyuta haikuwa na mawasiliano na seva ya wahalifu wakati wa kusimba, hivyo ikatumika funguo ya pamoja iliyokwisha kupatikana. Vinginevyo haiwezekani kwa sasa. Lakini hifadhi mafaili hayo kwenye diski pembeni. Funguo mpya huweza kupatikana siku za mbele.

Kuna tumaini jingine dogo kwa mafaili makubwa. STOP husimba takriban KB 150 za mwanzo tu za kila faili. Picha ndogo huisha yote, ila video ndefu au faili la zip lenye vitu vingi huweza kuokolewa kwa sehemu kwa programu za kurekebisha video au kufungua zip iliyoharibika.

Kuhusu pesa uliyotaka kununulia antivirusi: nunua diski ya nje. Nakili vyote muhimu kila wiki, kisha ichomoe. Diski inayobaki imechomekwa husimbwa pamoja na kompyuta. Kwa nyaraka chache, nafasi ya bure ya GB 15 ya Google au GB 5 ya OneDrive inatosha. Pia washa Controlled folder access, iliyo chini ya Ransomware protection kwenye Windows Security. Huja ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, programu isiyojulikana haiwezi kuandika ndani ya Documents na Pictures. Itakuudhi mwanzoni, hasa ukiwa na michezo au programu za zamani za hesabu zinazokataa kuhifadhi; ziruhusu moja moja kupitia Allow an app through Controlled folder access, usiizime yote.

Laptopi yangu ina RAM GB 4 na hard diski ya kawaida. Kuna kitu kinaitwa Antimalware Service Executable kinaila. Nikinunua iliyo nyepesi itakuwa na nafuu?

Nafuu kidogo. Hicho ndicho Defender yenyewe ikiskani. ESET ina sifa ya wepesi na vipimo vinaiunga mkono, lakini kinachokuumiza ni hard diski inayozunguka: skani husoma maelfu ya mafaili madogo, na kichwa cha diski hukimbia huku na huku. Fungua Task Manager. Kama safu ya Disk inaonyesha 100% huku CPU ikiwa chini, umepata jibu. SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 na RAM kufikia GB 8 vitaibadilisha mashine hiyo kuliko antivirusi yoyote.

Wakati unajikusanya, fungua PowerShell kama msimamizi, andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kawaida yake ni 50. Sasa skani za ratiba zitalenga wastani wa asilimia 20 ya CPU. Zitachukua muda mrefu zaidi lakini utaweza kufanya kazi. Usiitoe folda ya Downloads kwenye skani ili upate wepesi, kwa sababu huko ndiko virusi hushukia.

Natumia bando la simu. Masasisho yanalimaliza, nimeweka Wi-Fi kuwa metered. Kuna ubaya?

Upo, ila unatibika. Ukiweka metered, yaani ukiiambia Windows ibane matumizi ya data, Defender nayo huweza kuacha kujisasisha yenyewe. Kila siku unapounganisha, ingia Virus & threat protection, bofya Protection updates, kisha Check for updates. Sasisho la kila siku huwa dogo kwa kuwa hupakuliwa kilichobadilika tu. Likikosekana kwa wiki kadhaa ndipo huja furushi kubwa.

Kwa kompyuta isiyo na intaneti kabisa, kwenye mashine nyingine nenda ukurasa wa Microsoft wa security intelligence, pakua faili la mpam-fe.exe la 64-bit, lilete kwa flashi safi, libofye mara mbili. Halionyeshi dirisha lolote. Thibitisha kwa kutazama tarehe kwenye Protection updates. Linazidi MB 100, hivyo lipakue penye Wi-Fi.

Bado niko Windows 10, na mzee wangu ana Windows 7. Antivirusi ya kulipia itaziba pengo?

Antivirusi hulinda mlango, haizibi ufa wa ukuta. Virusi vya WannaCry vilivyosimba mafaili vilipoenea Mei 12, 2017, viliingia kupitia ufa wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeutolea kiraka Machi 14, miezi miwili kabla. Havikumhitaji mtu abofye kitu.

Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kwa watu wa nyumbani Microsoft iliweka masasisho ya usalama ya ziada, ESU, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kusawazisha mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft. Andika winver kwenye Start uone kama una toleo la 22H2, maana bila hilo huruhusiwi. Ukiwa nalo, kiungo cha kujiandikisha huonekana kwenye Windows Update. Microsoft imesema Defender ya Windows 10 itaendelea kupata orodha za virusi hadi Oktoba 2028, lakini viraka vya mfumo ni jambo jingine.

Windows 7 iliisha Januari 14, 2020, na Chrome iliiacha katika toleo la 109. Tunakushauri kompyuta ya mzee isitumiwe tena kwa benki wala barua pepe. Kama ina RAM GB 4, Linux Mint itaipa maisha mengine, tena bure.

Kila nikifungua Chrome naona tangazo la McAfee kwamba kompyuta ina virusi 5 na leseni imekwisha. Sijawahi kuwa na McAfee.

Hiyo si McAfee wala si kirusi. Ni tovuti uliyoibofyea Allow ilipoomba kukutumia arifa. Kwenye Chrome: Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, ondoa kila tovuti usiyoifahamu, kisha chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba tena. Usilipe popote.

Tuko Minneapolis. Tulikuwa na Kaspersky ya kulipia, siku moja tukakuta programu nyingine imejiweka. Na sasa tumepata barua pepe kwamba Norton imetukata dola 399.

Serikali ya Marekani ilipiga marufuku mauzo mapya ya Kaspersky kuanzia Julai 20, 2024 na masasisho yake kuanzia Septemba 29, 2024. Wateja wengi wa Marekani wakahamishiwa antivirusi nyingine, UltraAV, na wengi walishtuka kuikuta. Mnaweza kuiondoa kwa njia ya kawaida na Defender itaamka yenyewe. Futeni na usajili wake kwenye akaunti ili kadi isikatwe tena.

Barua ya dola 399 ni ya matapeli. Lengo ni mpige namba iliyomo, kisha wawaombe mruhusu waingie kwenye kompyuta "kurudisha pesa". Msipige. Tazameni taarifa ya kadi yenu moja kwa moja kutoka benki. Kama hakuna makato, hakuna deni.

Nimeshaamua kununua kwa ajili ya nyumba ya watu watano. Niangalie nini dukani? (Zanzibar)

Boksi liwe halijafunguliwa na sehemu ya kukwangua iwe haijaguswa, kwani muda wa leseni huanza siku msimbo unapowekwa mara ya kwanza, na msimbo uliokwishatumika huweza kuuzwa tena. Soma limeandikwa kwa eneo gani. Kaspersky, kwa mfano, huwa na misimbo inayokubali katika eneo fulani tu, na boksi la bei poa kutoka ng'ambo linaweza kukataa. Hesabu vifaa, na usihesabu iPhone, kwani Apple haiziruhusu programu kuskani simu hiyo, hivyo kwa nafasi hiyo hununui ulinzi wa virusi.

Ukinunua mtandaoni, bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu. Bei ya kuhuisha huwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini, na mara nyingi iko juu sana. Mara tu baada ya kulipa ingia kwenye akaunti uzime auto-renewal, yaani kuhuisha na kukatwa pesa kiotomatiki. Leseni yako itaendelea hadi tarehe yake. Washa programu kwenye kompyuta zote tano ndani ya wiki hiyohiyo, huku risiti ukiwa nayo, ili msimbo ukikataa muuzaji asiseme umechelewa.